Nani Hulipa? Kafara, Fidia na Upatanisho katika Kiswahili cha Fundisho la Msalaba, kwa Kumzingatia Msikilizaji wa Ryansoro, Burundi

Ikisiri

Fundisho la Kikristo kwamba dhambi huondolewa kwa dhabihu ya Kristo limeingia katika Kiswahili kwa maneno yenye asili na historia mbalimbali: kafara, dhabihu, fidia, ukombozi, suluhu na upatanisho. Makala hii inahakiki matumizi ya maneno hayo katika tafsiri za Biblia na katika lugha ya mimbari. Inamchukua msikilizaji wa Ryansoro, eneo lililo kusini mwa Gitega nchini Burundi, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirundi, kuwa kipimo cha namna maneno hayo yanavyofika. Hoja kuu ni kwamba upatanisho ndilo neno lenye uwezo mkubwa zaidi wa kulibeba fundisho hili, na kwamba uwezo huo unatokana na sarufi yake. Hata hivyo, uwezo huo hupotea neno hilo linapotengwa na kitenzi jitoa na kikomo cha “mara moja tu”. Katika nchi iliyotoka vitani, kupotea huko kunaweza kuwageuza waliouawa kuwa bei ya amani, na kuwaondolea wakosaji deni lao.

1. Utangulizi

Burundi ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambazo karibu raia wake wote huzungumza lugha moja ya asili. Kiswahili kilifika huko kwa njia ya biashara ya Ziwa Tanganyika, kikaota mizizi Rumonge na katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi. Kwa muda mrefu jina “Mswahili” lilimaanisha, machoni pa watu wa milimani, Mwislamu au mfanyabiashara mgeni. Hali hiyo imebadilika. Wakimbizi waliovuka kwenda Tanzania mwaka 1972 na tena baada ya Oktoba 1993 walijifunza Kiswahili makambini na makaziani, na waliorudi walirudi nacho. Mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika Muyinga, ambako mpaka wa Kobero hupitisha malori na wachuuzi, Kiswahili ni lugha ya kazi ya kila siku. Katika maeneo ya milimani kama Ryansoro, Kirundi ndicho kitawalacho nyumbani, na Kiswahili husikika zaidi katika redio, nyimbo, vitabu na vinywa vya waliowahi kuishi ng’ambo ya mpaka.

Msikilizaji wa namna hiyo ana faida kwa mhakiki wa lugha. Mzaliwa wa pwani amezoea neno kafara tangu utotoni, na mazoea huficha mengi. Msikilizaji wa Ryansoro hulipokea neno la Kiswahili akiwa na neno la Kirundi tayari akilini, na hulazimika kuyalinganisha. Makala hii haihesabu maoni ya waumini. Inayasoma maneno yenyewe, maumbo yake na historia yake, na kuuliza yanamwambia nini msikilizaji huyo kuhusu swali moja: dhambi inapoondolewa, nani hulipa, na kwa hiari ya nani?

2. Kafara, fidia, upatanisho: picha tatu

Maneno ya Kiswahili ya fundisho hili yanaweza kupangwa katika mafungu matatu. La kwanza ni fungu la madhabahu: kafara, dhabihu, sadaka. Yote matatu yametoka katika Kiarabu na yamekaa katika maisha ya Kiislamu ya pwani kabla ya kuingia kanisani. Kafara ina undugu wa mzizi na kitenzi cha Kiebrania kitumikacho katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, inayoeleza ibada ya siku ya kuondolewa dhambi za Israeli. Kwa kigezo cha nasaba ya maneno peke yake, hakuna neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na asili.

La pili ni fungu la malipo: fidia na ukombozi. Fidia ni kitu kitolewacho badala ya mtu au hasara. Komboa ni kurudisha kwa kulipa kile kilichokuwa mikononi mwa mwingine, na katika karne ya 19 kitu hicho mara nyingi kilikuwa mtu. Wamisionari wa Bagamoyo, waliofika huko mwaka 1868, walinunua watumwa ili kuwaweka huru. Rumonge, kwenye ufuko wa Burundi, Mapadri Weupe walianza kazi mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wa kundi lao waliuawa katika ugomvi uliohusu mtoto waliyekuwa wakimlea. Neno Mkombozi halikuwa sitiari tupu kwa waliolisikia mara ya kwanza katika eneo hili. Walijua bei ya mtu, na walijua kwamba kumkomboa mtu kunaweza kuleta damu.

La tatu ni fungu la uhusiano: suluhu na upatanisho. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo bado ndiyo isikikayo zaidi katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, ilifanya uamuzi wa maana hapa. Katika vifungu vikuu vya fundisho hili haikuchukua kafara. Katika Walawi 16 na Warumi 3:25 inatumia upatanisho. Katika 1 Yohana 2:2 inatumia kipatanisho. Katika Waebrania 2:17 inatumia suluhu. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ilipofika Warumi 3:25 ilichagua kueleza tendo kwa lugha nyepesi ya kuondolewa dhambi. Tafsiri nyingine ya karibuni imeunganisha mafungu mawili na kupata “dhabihu ya upatanisho”.

Uamuzi wa 1952 unaweza kulaumiwa. Walawi 16 ni sura ya damu, mbuzi wawili na pazia la patakatifu. Upatanisho ni neno la barazani. Mkosoaji anaweza kusema kwamba watafsiri waliisafisha madhabahu mno, wakatuachia mkutano wa usuluhishi. Lawama hiyo ina uzito, lakini inapungua mara tunapotazama umbo la neno.

Upatanisho umejengwa juu ya kitenzi pata. Kiambishi -an- kinaleta patana: pande mbili zinapatana, kila mmoja anampata mwenzake. Kiambishi -ish- kinaleta patanisha: yuko wa tatu anayezifanya pande mbili zipatane. Neno lenyewe, basi, linadai watu watatu na kazi moja. Aidha, linanyumbuka kwa ngeli kwa namna inayolitumikia fundisho. Mpatanishi ni mtu, na Biblia ya Muungano inamwita Kristo hivyo katika 1 Timotheo 2:5. Kipatanisho ni kitu au chombo cha kupatanishia, na katika 1 Yohana Kristo ndiye hicho. Upatanisho ni tendo na hali iliyopatikana. Anayepatanisha na kinachopatanishia vinaelekezwa kwa mtu mmoja kwa kubadili kiambishi cha ngeli tu. Kafara haina uwezo huo: anayetoa kafara ni mmoja, kafara ni kingine.

3. Impongano na hongo

Bibiliya Yera ya Kirundi, iliyotolewa kamili mwaka 1967, inatumia impongano katika 1 Yohana 2:2, pale ambapo Kiswahili kina kipatanisho. Kwa fungu la madhabahu Kirundi kina ikimazi, na kwa fidia kina incungu, ambayo ni ndugu wa gucungura, kukomboa. Mpangilio unafanana na wa Kiswahili, ila picha iliyo katika impongano ni tofauti.

Katika Kirundi, n ikikutana na h hutoa mp. Kwa hiyo impongano ni n-hong-an-o. Mzizi -hong- una sura ileile na ule wa Kiswahili honga. Wasafiri wa karne ya 19 waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walijua hongo kuwa ushuru wa njia: kitambaa au shanga alizopewa mtemi ili msafara upite kwa amani. Leo hongo ni rushwa. Msikilizaji wa Ryansoro ajuaye lugha zote mbili anaweza kusikia katika impongano mwangwi ambao watafsiri hawakuukusudia, yaani kwamba Mungu ni mwenye nguvu anayezuia njia na Mwanawe ni kile alichopewa ili aturuhusu kupita.

Hili si dosari ya lugha peke yake. Ni swali ambalo theolojia imelijadili kwa karne nyingi. Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliizungumzia fidia kana kwamba ililipwa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, alikataa kwamba Shetani ana haki ya kudai chochote. Akasema deni ni la heshima ya Mungu iliyovunjwa. Abelard, kizazi kimoja baadaye, alisisitiza upendo unaobadilisha moyo wa mwanadamu. Mwaka 1930 Gustaf Aulén wa Sweden alirudisha picha ya ushindi wa Kristo dhidi ya nguvu za uovu. Kila mmoja alikuwa akijibu swali la nani alipwaye. Neno lenye mzizi wa -hong- humsukuma msikilizaji kwenye jibu moja kabla hajauliza: alipwaye ni mkubwa aliyekasirika.

Hata hivyo, Kirundi chenyewe kinatoa dawa. Impongano ina -an-, kiambishi kilekile cha kutendana kilicho katika upatanisho. Mhubiri anayezijua lugha zote mbili anaweza kuziacha zisahihishane: Kirundi kinakumbusha kwamba kuna gharama, Kiswahili kinakumbusha kwamba gharama hiyo si rushwa, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza kazi ya kupatanisha. Warumi 3:25 ina Mungu kama mtenda. Hongo haitolewi na anayehongwa.

4. Mshingantahe alipaye faini

Burundi ina taasisi ya asili ambayo ndiyo tafsiri ya vitendo ya neno mpatanishi. Abashingantahe ni wazee walioapishwa mbele ya jamii, wanaosikiliza mashauri ya mlimani wakiwa na fimbo iitwayo intahe. Kazi yao ilikuwa kusikiliza pande zote, kusema ukweli hadharani, kuamua anayestahili kulipa, na kuwarudisha wagomvi katika ujirani, mara nyingi kwa kinywaji kilichonywewa pamoja. Taasisi hiyo ilidhoofishwa na utawala wa kikoloni na kuingiliwa na siasa za baadaye, lakini sura yake bado inaeleweka. Mtu wa Ryansoro hahitaji kueleweshwa kwamba upatanisho una hatua: ukweli, malipo, meza moja.

Mfano huu ni mzuri kwa kufundishia, na unafaa kwa sababu haukai sawasawa na fundisho. Umushingantahe hupatanisha, wala halipi. Akilipa faini ya mkosaji, atakuwa ameharibu shauri: mkosaji hatajifunza, aliyekosewa atashuku njama. Fundisho la msalaba linasema kwamba jambo hilo hasa ndilo lililotendeka. Mpatanishi ndiye kipatanisho. Hapo ndipo kashfa ya fundisho ilipo, na hapo ndipo sarufi ya Kiswahili inaposaidia, kwa kuwa imeyaweka maneno hayo mawili kwenye mzizi mmoja.

Kwa hiyo kitenzi kinachostahili kufuatana na upatanisho ni jitoa. Toa ni kitenzi cha mtu na kitu. Tolewa ni kauli ya kutendwa, ambayo inaweza kumficha mtenda: “alitolewa kafara” ni sentensi kamili ya Kiswahili isiyomtaja aliyemtoa. Jitoa, kwa kiambishi rejeshi -ji-, haimruhusu mtenda kujificha: anayetoa na anayetolewa ni mmoja. Katika Yohana 10:18 Kristo anakana kwamba yuko mtu awezaye kumwondolea uhai wake bila ya yeye mwenyewe kutaka. Fundisho lote linasimama juu ya tofauti hiyo ndogo ya viambishi. Ukiiondoa -ji-, unabaki na baba anayemtoa mwana, na hadithi hiyo Mrundi yeyote aliyeishi miaka ya vita ana sababu ya kuiogopa.

5. Kafara na waliouawa

Tukirudi kwenye kafara, tunaweza sasa kuona kwa nini uamuzi wa 1952 ulikuwa na busara kuliko unavyoonekana. Katika Kiswahili cha leo neno hilo lina angalau maana tatu. Katika sheria ya Kiislamu, kafara ni malipo ya mkosaji mwenyewe: aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi. Katika desturi za pwani, ni chakula au mnyama atolewaye ili kuepusha balaa. Katika lugha ya magazeti na siasa, “mbuzi wa kafara” ni mtu asiye na hatia anayebebeshwa kosa la wakubwa. Maana ya kwanza ina uadilifu mkubwa, lakini si fundisho la Kikristo, kwa sababu mkosaji ndiye alipaye. Maana ya tatu ndiyo kinyume chake kamili, kwa sababu mnyonge hulipishwa bila hiari.

Tatizo ni kwamba maana ya tatu ndiyo inayokua. Mhubiri asemapo leo kwamba Kristo alikuwa kafara, msikilizaji aliyezoea magazeti anaweza kuelewa kwamba alionewa na wenye nguvu, na kwamba uonevu huo ulileta faida. Hatua inayofuata ni fupi: kama kifo cha asiye na hatia kilileta amani, basi vifo vya wasio na hatia vinaweza kuitwa gharama ya amani.

Gitega na nchi nzima ina wafu ambao lugha hiyo ingewadhulumu mara ya pili. Padri Michel Kayoya, mshairi na mwanafikra, aliuawa Gitega Mei 1972. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa Septemba 1996. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wanafunzi waliamriwa kutengana, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Mbali na hao wenye majina yajulikanayo wako maelfu wasio na kaburi. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilianza mwaka 2020 kufukua makaburi ya halaiki katika Karusi na kutangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Je, hawa ni kafara? Fundisho lenyewe, likisomwa kwa makini, linajibu hapana. Waraka kwa Waebrania unasisitiza kwamba dhabihu ya Kristo ilikuwa mara moja tu. Wakatoliki nao hufundisha kwamba Misa huifanya dhabihu ileile iwepo altareni na haiongezi nyingine. Maana yake ni kwamba madhabahu ya kumwaga damu ya wengine imefungwa. Hakuna kabila, chama wala jeshi lililoachiwa haki ya kumweka mtu juu yake. Wanafunzi wa Buta hawakutolewa na yeyote kwa ajili ya amani. Walikataa kutengana, na kutengana ni kinyume cha kupatana, vitenzi vyote viwili vikiwa na -an- ileile. Neno linalowafaa ni mashahidi, wala si malipo. Aliyewaua hakutoa dhabihu, aliua.

6. Fidia irudi kazini

Kuna hatari upande wa pili pia, na hapa neno upatanisho halina budi kukosolewa. Kiambishi -ish- kina nguvu, na nguvu inaweza kuwa shuruti. Mtu anaweza kupatanishwa: kauli ya kutendwa inamweka aliyekosewa mahali pa kitu, akisukumwa ampe mkono aliyemkosea kabla ya ukweli kusemwa. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi wa Julius Nyerere na kisha Nelson Mandela, hujulikana kwa Kiswahili kama mkataba wa amani na maridhiano. Maridhiano yana -an- lakini hayana -ish-; yanadai kwamba pande zenyewe ziridhiane. Lugha ya siasa, kwa hapa, ilimheshimu aliyekosewa kuliko lugha ya kanisa inavyofanya nyakati fulani.

Kosa la kawaida la mimbari ni kusema kwamba kwa kuwa Kristo amekuwa fidia, fidia nyingine zote zimefutwa. Zakayo hakuelewa hivyo. Aliahidi kurudisha mara nne, na Luka hakuona mgongano. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Burundi, uliimba sana juu ya damu ya Yesu, na watu walewale walioimba walirudisha mali walizoiba. Imani yao katika malipo ya msalaba iliwafungua mikono kulipa ya kwao.

Katika milima ya Gitega neno fidia kwanza humaanisha shamba, ng’ombe, nyumba iliyochomwa, ardhi iliyokaliwa na mwingine mwenye nyumba alipokuwa mkimbizini. Mhubiri anayeliinua neno hilo hadi mbinguni bila kulirudisha mlimani ameliiba kutoka kwa wenye haki nalo. Dhambi mbele ya Mungu ina mpatanishi. Hasara ya jirani ina mdaiwa, naye anajulikana.

7. Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza mambo matatu. Kwanza, upatanisho ubaki kuwa neno kuu la fundisho hili katika Kiswahili, na mafundisho yauonyeshe ukoo wake wote: mpatanishi, kipatanisho, upatanisho. Pili, kafara isifutwe, kwa kuwa ina haki yake katika Uislamu na katika fasihi. Lakini itumikapo kwa Kristo iambatane na jitoa pamoja na mara moja tu, na isitumike kamwe kwa waliouawa vitani. Tatu, watunga kamusi na wafasiri wa ukanda huu waweke maneno ya Kirundi impongano, ikimazi na incungu sambamba na ya Kiswahili, wakieleza yanapokutana na yanapoachana, kwa kuwa Kiswahili cha Afrika Mashariki sasa kinasomwa na watu wengi ambao pwani kwao ni habari ya mbali.

Swali la nani hulipa halina jibu moja. Kwa dhambi, fundisho linasema amelipa aliyejitoa. Kwa damu ya jirani na shamba lake, jibu bado linangoja mlimani, na hakuna neno la kanisani, hata liwe zuri kiasi gani, linaloruhusiwa kulijibu kwa niaba ya mdaiwa.